Bahasha ya Sinovuyo

SEHEMU YA KWANZA

Sinovuyo hakulia darasani. Alisubiri mpaka mlango wa gari ufungwe, na hata hapo alilia huku ameuma ukosi wa sare yake ili kaka yake aliyekaa kiti cha mbele asimsikie.

Idris alimsikia. "Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Basi nani kakusema?"

Baba yao, Yusuf, alizima injini. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye winchi za bandari ya Durban, hajapata usingizi wa kutosha, na macho yalikuwa mekundu. Hata hivyo aligeuka akamsikiliza binti yake mpaka mwisho.

Habari ilitoka vipande vipande. Ilikuwa Septemba 2019, na shule ilikuwa ikijiandaa kwa Siku ya Urithi, ile sikukuu ya Septemba 24 ambapo Afrika Kusini nzima hutoa mavazi ya jadi kabatini, na wasio nayo huwasha mkaa wakachoma nyama. Mwalimu aliwaagiza watoto waje na vazi la kwao, kila mmoja aseme yeye ni mtu wa nani. Darasani alikuwamo msichana mgeni aliyehamia kutoka Mthatha. Aliposikia jina Sinovuyo alifurahi, akamkimbilia na kumsemesha Kixhosa. Kizulu cha mtaani kilimsaidia Sinovuyo kuelewa nusu, lakini neno isiduko likampita. Mgeni akarudia kwa Kiingereza: jina la ukoo wenu ni lipi? Wewe ni MaDlamini? MaRadebe? Nani?

"Nikamwambia mimi ni Mzanzibari," alisema Sinovuyo. "Wote wakacheka."

Hapa inabidi nimweke msomaji sawa, maana wa Unguja naye najua ameanza kucheka. Durban wako Wazanzibari ambao Zanzibar hawajawahi kuiona. Mwaka 1873 manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ilishusha pale kundi la kwanza la watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ila walitokea upande wa Zanzibar, wakaandikwa Wazanzibari, na jina likaganda. Waliokolewa, kisha wakagawiwa kwa mabwana kwa mikataba ya kazi. Uhuru wa namna ile. Baadaye wakakaa Kings Rest, huko Bluff, wakiswali na kusema Kimakua chao. Serikali ya ubaguzi ilipokuja haikujua iwaweke wapi watu weusi wenye majina ya Kiislamu; mwishowe ikawaandika miongoni mwa "Waasia wengine," na miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, eneo lililotengwa kwa ajili ya Wahindi. Nyumba ya Yusuf ilikuwa huko.

Kwa hiyo Sinovuyo hakudanganya. Alikuwa Mzanzibari wa Chatsworth kama kaka yake. Lakini jina lake lilikuwa la Kixhosa, na nyumbani hakuna aliyelificha. Alijua kwamba alizaliwa Durban mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, mji mzima ukilia vuvuzela. Alijua kwamba mama yake mzazi alikubali aasiliwe, kwamba sheria humpa mzazi siku 60 za kubadili nia, na kwamba Rehema, anayemwita mama, katika siku hizo alikuwa akishtuka kila simu ilipolia. Masimulizi hayo aliyapenda. Aliomba arudiwe mara kwa mara, hasa pale panapofika siku ya sitini.

Kilichokosekana ni hicho alichoulizwa shuleni.

Jioni, wakati wa chakula, aliuliza mwenyewe. Hakuzunguka. "Mimi ni wa nani?"

Rehema aliweka upawa chini. Bibi Zuhura, mama yake Yusuf, aliacha kutafuna.

Swali hilo lilikuwa likisubiriwa tangu siku ya mahakama ya watoto. Siku ile ofisa ustawi wa jamii aliwakabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi, pamoja na makubaliano yaliyothibitishwa na hakimu: mama mzazi ameacha barua, na barua hiyo isomwe siku mtoto atakapouliza kwa kinywa chake, si kabla. Yusuf alitia saini. Alikuwa ameshapita kwa imamu, ambaye alimfungulia Surat al-Ahzab na kumkumbusha kwamba mtoto wa kulea hunasibishwa na baba aliyemzaa. Mlee, alisema imamu, mpende, muusie mali ukitaka, lakini usimfutie nasaba yake. Ndiyo maana jina Sinovuyo liliachwa kama lilivyokuja. Tatizo likawa hiyo nasaba yenyewe. Kwenye karatasi, mahali pa jina la baba palikuwa na mstari mtupu, na mstari huo ulimkaa Yusuf rohoni miaka yote.

"Kailete," alimwambia mkewe.

Rehema aliinuka akaenda chumbani. Wakamfuata wote, Bibi akiwa nyuma na mkongojo wake. Sanduku la bati lilitolewa uvunguni: vyeti, hati ya nyumba, nguo ya kwanza ya Idris, nguo ya kwanza ya Sinovuyo, na chini kabisa bahasha. Rehema aliipangusa kwa kiganja, akaigeuza ampe mwanawe aifungue mwenyewe, kama ilivyoagizwa.

Mkono wake ukabaki hewani.

Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Mtu aliichana kwa kisu, safi kabisa, na ndani hamkuwa na kitu.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Sinovuyo ameuliza yeye ni wa nani. Bahasha aliyoiacha mama yake mzazi imekutwa tupu. SASA ENDELEA...

Rehema alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama yeye. Kwa dakika nzima kila mmoja alimshuku mwenzake.

"Msikaziane macho kama majogoo," alisema Bibi Zuhura mlangoni. "Nimeifungua mimi."

Aliyasema hayo kwa Kimakua, lugha aliyoiweka kwa ajili ya hasira na dua. Safari hii sauti yake haikuwa na hasira wala unyenyekevu. Aliingia, akaketi kitandani, akaeleza.

Miaka mitano nyuma moyo wake ulisumbua, akalazwa. Wodini, usiku, alimkumbuka bibi yake mwenyewe, ambaye alishushwa Durban kutoka kwenye meli ya Waingereza akiwa mtoto mdogo. Bibi huyo alifia Kings Rest akiwa kikongwe, na Zuhura, wakati huo msichana, ndiye aliyekuwa akimpepea. "Alikuwa anatafuta jina la mama yake. Anataja moja, anatikisa kichwa, silo. Anataja jingine, silo. Mpaka roho inatoka bado anatafuta. Nikasema mtoto wa nyumba yangu hatakufa hivyo. Nyinyi mnasubiri aulize. Asipouliza je? Mimi nikifa, sanduku likiibwa, nyumba ikiungua?"

"Ukavunja ahadi tuliyoweka mbele ya hakimu," alisema Yusuf.

"Mliweka nyinyi. Mimi sikutia saini."

Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa msahafu wake. Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu, hizi nyingine hakuzijua, kwa hiyo aliipeleka kwa Dada Thandeka, muuguzi wa zahanati ya jirani, mwenyeji wa Gcuwa, mji ambao wengi bado wanauita Butterworth. Thandeka alimsomea pale pale kwenye benchi la wagonjwa. Katikati alikohoa, akaomba maji, akaendelea. Kisha akamfundisha Bibi sehemu moja, neno kwa neno, mpaka akaishika kwa moyo.

"Sinovuyo," Bibi aliita. "Ule wimbo wetu wa kulala. Uimbe."

Mtoto alishangaa, akaimba. Ulikuwa wa maneno machache aliyodhani siku zote ni ya Kimakua: Tolo, Dlangamandla, Mchenge, Mabhanekazi. Kwenye neno la tatu ulimi wake uligonga nyuma ya meno na kutoa mlio ambao Idris alikuwa ameujaribu miaka yote akishindwa.

"Huo si wimbo. Hayo ni majina ya wazee wako. Wewe ni MamTolo, na umeujua ukoo wako kabla hujaweza kufunga kamba za viatu."

Sinovuyo alicheka, akaanza upya kwa sauti kubwa. Rehema alitoka, akaenda kusimama jikoni gizani. Simlaumu. Ametunza ahadi miaka minane kwa uaminifu, na sasa mkwewe aliyeivunja ndiye aliyempa mtoto kile ambacho yeye alikuwa akikilinda kwa kukifungia.

Yusuf aliisoma barua mwenyewe, maana anayejua Kizulu haangushwi sana na Kixhosa. Ilikuwa ukurasa mmoja, pande zote mbili. Aliyeandika aliitwa Nomonde, kwao ni kijiji kilicho mbele ya Nqamakwe, mama yake yu hai. Baba wa mtoto, aliandika, hakulipa intlawulo. Kwa Waxhosa kijana akimpa binti ujauzito nje ya ndoa, wazee wake hupaswa kwenda kwa kina binti na kulipa mifugo au thamani yake, na hapo wanaweza kumwita mtoto wao. Wasipolipa, mtoto hubaki wa zizi la babu mzaa mama na hushika ukoo wa huko. Sinovuyo akawa wa Tolo kwa njia hiyo. Halafu Nomonde akataja lililomsumbua kuliko yote: hakumfanyia imbeleko, ile shughuli ya mbuzi mmoja ambayo kwayo mtoto hutambulishwa kwa wazee waliotangulia. *Akija kuugua ugonjwa usioeleweka,* aliandika, *mjue ni hilo, na tena mjue kwamba...*

"Imekatika," alisema Idris aliyekuwa akichungulia begani kwa baba yake.

"Barua za wenye uchungu hukatika," Bibi alijibu.

Wiki zilizofuata nyumba ile ilichangamka. Thandeka alikuja kila Jumamosi kumfundisha Sinovuyo, na kwa kuwa hakuna mlango wa kufunga sebuleni, wakajifunza wote. Alianza na salamu, akaingia kwenye majina ya jamaa: makhulu ni bibi, malume ni mjomba, dadobawo ni shangazi, dada wa baba. Hilo la mwisho alimrudisha mtoto mara nyingi kuliko mengine. Idris aling'ang'ana na c, q na x mpaka mate yakaruka mezani. Rehema, aliyekuwa amenuna wiki nzima, alirudi na kilo mbili za mahindi yaliyokobolewa na kupondwa, akaulizia umngqusho unapikwaje. Ni mahindi hayo na maharage, kwa moto wa polepole, saa nyingi. Sisi tungesema makande. Bibi akapita nyuma yake na kutia tui la nazi. Thandeka alionja, akanyamaza kidogo, akaomba aongezwe.

Siku ya sherehe shuleni Sinovuyo alivaa sketi ya umbhaco, kitambaa cheupe chenye mistari myeusi pindoni, aliyoazimwa na Thandeka ikapunguzwa kiunoni, na kichwani mtandio wa Bibi. Akasema yeye ni MamTolo, Mzanzibari wa Chatsworth. Yule msichana wa Mthatha akapiga vigelegele peke yake mpaka mwalimu akamtuliza.

Akarudi nyumbani na ombi jipya: anataka mbuzi wake.

Yusuf ni mtu wa taratibu. Alirudi ofisi ya ustawi wa jamii, akaambiwa jalada la kuasili halifunguliwi mpaka mtoto afike miaka 18, labda mahakama iamuru. Ila yaliyomo kwenye barua waliyokabidhiwa ni yao. Binamu yake Thandeka alikuwa dereva wa teksi ya abiria kati ya Gcuwa na Nqamakwe. Hazikupita siku nyingi, namba ya simu ikapatikana.

Walipiga Jumapili baada ya adhuhuri, spika ikiwa wazi juu ya meza. Sinovuyo alikuwa amevaa tena ile sketi, ingawa hakuna ambaye angemwona. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke mzee. Yusuf akaamkia kwa Kizulu, akajieleza taratibu: wako Durban, wanalea binti wa Nomonde, ana miaka tisa, ana afya, anaitwa Sinovuyo.

Upande wa pili kulikuwa na kuku, na redio, kisha redio ikazimwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema yule mzee. "Sijui wewe ni nani wala unataka fedha kiasi gani. Mtoto wa Nomonde tulimzika."

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Bibi mzaa mama amesema mjukuu wake alikufa na akazikwa. SASA ENDELEA...

Bibi Zuhura ndiye aliyeivuta simu. Hakubishana. Alimwambia Sinovuyo, "Mwimbie."

Mtoto akaimba majina yale manne. Alipofika Mabhanekazi, simu ilianguka upande wa pili, wakasikia sakafu, wakasikia mwanamke akiita "Mzwandile! Mzwandile!" kwa sauti iliyokuwa ikienda mbali.

Mzwandile ndiye malume. Yeye ndiye aliyewaeleza, usiku, baada ya mama yake kupewa maji ya sukari. Mwaka 2010 Nomonde alirudi kutoka Durban mikono mitupu, akasema mtoto alifia hospitali. Hakuna aliyemhoji binti mwenye kilio. Lakini mama yao hakukubali mjukuu abaki peke yake mji wa watu, akamtuma Mzwandile akamlete. Yeye akaenda na tawi la umphafa, mti wa miiba ambao hutumika kuchukua roho ya aliyefia ugenini. Kwenye basi alilipa nauli ya viti viwili, tawi likakaa kiti cha pili, na njiani hakuzungumza na mtu isipokuwa na tawi, akilijulisha kila mto wanaouvuka. Kwa mtoto mchanga si kawaida kufanya hivyo, ila mama yao alishikilia. Tawi likazikwa nyuma ya zizi.

"Sasa unaniambia," alisema Mzwandile, "nililipa nauli ya nani?"

Nomonde mwenyewe alikuwa Cape Town kwenye kazi za nyumbani, Desemba tatu hajarudi kwao. Walimtumia ujumbe. Hakujibu.

Desemba, shule zilipofungwa, waliondoka Durban kabla ya alfajiri, watu sita ndani ya gari la Yusuf: yeye, Rehema, Bibi, watoto wawili na Thandeka, aliyeomba likizo mwenyewe bila kuombwa. Wakateremka pwani hadi Port Shepstone, wakapanda bara kuelekea Kokstad. Baada ya hapo milima ikafunguka, na nyumba za msonge zilizopakwa rangi ya kijani na bluu zikaanza kutawanyika vilimani, kila moja na zizi lake la mviringo. Idris alihesabu mbuzi barabarani mpaka akachoka. Walipita Mthatha, wakapita Qunu alikozikwa Mandela, wakateremka na kupanda bonde la mto Mbashe, na kila walipokaribia Gcuwa Thandeka alizidi kuwa kimya. Rehema alidhani ni kichefuchefu, akampa ndimu.

Makhulu alikuwa amesimama getini. Jambo ambalo Rehema hakulitarajia ni kwamba yule mzee hakumkimbilia mtoto. Alimwendea yeye kwanza, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza: "Alipokuwa akilia usiku, ulikuwa unampa nini?"

"Maziwa ya kopo, Mama. Na mgongo wangu."

Makhulu akatikisa kichwa mara nyingi, akameza kitu, ndipo akamgeukia Sinovuyo na kumkagua masikio, yale masikio makubwa yaliyosimama, akacheka mpaka machozi. Sinovuyo naye aliona kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Makhulu hakina kipande cha mwisho. Akauliza, kwa kuwa ana miaka tisa. Ni ingqithi, aliambiwa. Familia nyingine walikuwa wakimkata hivyo mtoto mdogo, na Makhulu alikatwa akiwa dhaifu, akapona. Usiku ule Rehema alilala amezifumbata ngumi za binti yake zote mbili, ingawa hakuna aliyesema lolote juu ya kumkata mtu kidole.

Ugomvi ulikuja kwa sababu ya kisu.

Mbuzi mweupe alikuwa tayari. Pombe ya umqombothi ya mtama na mahindi ilikuwa ikitokota kwenye mapipa kwa ajili ya majirani, na Bibi Zuhura aliomba tu ahamishiwe kiti upande ambao upepo hautokei huko. Hilo halikuwa na neno. Lakini mtoto anayefanyiwa imbeleko ndiye huonja kwanza, kipande cha intsonyama kilichochomwa bila chumvi, na Sinovuyo ni Mwislamu. Nyama isiyochinjwa kwa bismillahi hali. Na zizini huingia mtu wa nje hivi hivi? Wanawake wenyewe husimama nje.

"Imamu wetu kaniambia nisichinje kwa jina la yeyote isipokuwa Mungu," alisema Yusuf.

"Sisi nani kakwambia tunawaabudu wafu?" alijibu Mzwandile. "Tunawapa taarifa. Wewe ukipata mtoto hupeleki taarifa?"

Mabishano haya yamewachosha watu wengi kusini na mashariki mwa bara hili, na mimi sina hukumu ya kutoa. Ninachojua ni kwamba yalikatwa na wanawake wawili wazee waliokaa jua likizama, wakipokezana Kixhosa na Kizulu. Bibi Zuhura alieleza kwamba kwao pia mtoto huchinjiwa mbuzi, akika, na wa kike ni mmoja. Makhulu akauliza nyama inapelekwa wapi. Kwa majirani na maskini. Makhulu akauliza Sinovuyo alichinjiwa? Bibi akainamisha uso: waliahirisha, wakisubiri kulijua jina la kwao.

"Basi ni mbuzi mmoja anayedaiwa na nyumba mbili," alisema Makhulu. Ikapangwa hivi: Mzwandile asimame zizini awape wazee wake taarifa, amalize kabisa. Kisha Yusuf aingie, kwa idhini ya zizi, achinje kwa bismillahi. Yusuf alitafakari usiku kucha. Baada ya swala ya alfajiri akasema sawa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuweza kupangwa. Mbuzi lazima alie. Asipolia, wazee wamekataa, na watu huondoka vichwa chini.

Asubuhi uwanja ulijaa. Sinovuyo alikaa mkekani katikati ya Rehema na Makhulu, amevaa umbhaco mpya alioshonewa na Makhulu, shanga nyeupe shingoni. Mzwandile aliyataja majina ya kwao marefu, na kila aliposhusha pumzi wanaume wakaitikia "Camagu!" Akasema pia neno juu ya lile tawi lililozikwa, kwamba lisione haya, kwamba lilikuja kumshikia mwenyewe nafasi. Kisha akatoka pembeni. Yusuf akaingia, akamlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, akaficha kisu nyuma ya paja.

"Simamisha hicho kisu!"

Getini palikuwa na wanaume watatu, wa mbele mzee mwenye blanketi na fimbo. Nyuma yao, ng'ombe wawili.

"Sisi ni watu wa Bhele," alisema. "Habari zimetufikia kwa hizi teksi. Nomonde alikuwa akionekana na kijana wetu, kila mtu hapa anajua. Kijana hayupo tena, amekufa mgodini Rustenburg, lakini damu yake mnaitambulisha kwa zizi lisilo lake. Tumechelewa miaka tisa. Intlawulo hii hapa."

Mzwandile aliruka ukuta wa zizi. Makhulu akasimama bila mkongojo. Yusuf, goti likiwa juu ya mbuzi, alifikiria ule mstari mtupu kwenye karatasi, na namna alivyotamani miaka yote aje mtu aujaze.

Hakuna aliyeiona teksi mpaka ilipopiga breki nyuma ya ng'ombe. Akashuka mwanamke mwenye begi moja na masikio makubwa yaliyosimama, na Rehema alimjua kabla mtu hajalitaja jina.

"Rudisheni ng'ombe wenu, Tata," alisema Nomonde. "Mtoto huyu si wa kijana wenu, na niliandika." Akamtafuta Rehema kwa macho katika umati wote ule, akampata. "Dada, niliandika. Hamkusoma ukurasa wa pili?"

"Ukurasa gani wa pili?" alisema Rehema.

Idris akamgeukia Bibi. Bibi Zuhura akageuka polepole, na mkongojo wake ukamwelekea Thandeka, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko na sinia mkononi.

Thandeka aliliweka sinia chini. Akaingiza mkono kwenye pochi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa Nomonde wala Makhulu. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mkekani, akamkabidhi Sinovuyo.

Mtoto akaikunjua. Alisoma mstari wa kwanza, midomo ikicheza. Akainua uso, akamtazama muuguzi yule kana kwamba anamwona upya, na akamwita kwa neno lile alilorudishwa mara nyingi kuliko mengine.

"Dadobawo?"

"Ndimi," alisema Thandeka. "Sasa nipe hiyo karatasi, mwanangu. Mstari wa pili usiusome mbele ya watu hawa."

Lakini macho ya Sinovuyo yalikuwa yameshashuka.

ITAENDELEA WIKI IJAYO